Mkopeshaji Asimame Nje ya Mlango

Ujumbe uliingia Jumatano jioni, kikao cha baraza la wazee wa kanisa kikiwa hakijamaliza hata ajenda ya kwanza. Simu ya mwinjilisti ililia kwanza, ikafuata ya mtunza hazina, kisha ya mchungaji. Tulipozifungua tulikuta maneno yale yale, herufi kwa herufi. Yalimtaja kwa majina yake yote matatu mama mmoja msharika wetu, yakasema ni mdaiwa sugu aliyetoroka na fedha za watu, yakasema sisi ni wadhamini wake, na yakatutaka tumlazimishe alipe kabla ya saa sita usiku, la sivyo picha yake ingesambazwa kwa kila anayemfahamu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemdhamini. Wala yeye hakuwa amemwandika yeyote. Namba zetu zilikuwamo kwenye simu yake, basi.

Mama huyu anaishi upande wa Mbagala, na ana biashara ndogo. Tulipomwomba ruhusa ya kuandika habari zake katika kitabu hiki alikubali kwa sharti moja, kwamba tusiseme anauza nini, maana wateja wake wangemtambua. Kwa hiyo hatutasema. Inatosha kujua kwamba mtaji ulikata baada ya Krismasi, kama unavyokata kwa wengi, na mwezi wa kwanza ukaja na daftari na sare za watoto. Rafiki yake akamtumia linki ya programu ya mikopo. Aliomba shilingi 80,000. Hakuulizwa dhamana, hakuulizwa barua ya serikali ya mtaa. Aliandika jina, namba ya kitambulisho cha NIDA, akajipiga picha ya uso, akabonyeza "Nakubali" mara nne au tano, na kabla chai haijapoa fedha zikaingia. Ziliingia 58,000. Nyingine zilikuwa zimekatwa kwa jina la ada ya huduma. Baada ya siku 7 alitakiwa arudishe 80,000 na riba juu yake. Siku ya nane asubuhi, kaka yake aliyeko Mtwara alipigiwa simu na mtu asiyemjua na kutukanwa.

Mikopo ya namna hii watu wameipa jina la kausha damu, na jina hilo halihitaji maelezo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa njia ya mtandao bila leseni, ikawaonya wananchi wasishirikiane nazo. Programu aliyoitumia mama yetu hatutaitaja hapa, na tusingependa msomaji aanze kubahatisha. Jambo linalotusukuma kuandika ni jingine, na lilitokea kesho yake.

Alhamisi asubuhi, katika kundi la WhatsApp la jumuiya yake, mtu mmoja mwenye moyo mwema aliandika ombi la maombi. Alimtaja mama kwa jina, akaandika kwamba anasumbuliwa na madeni, akaomba tumkumbuke mbele za Bwana. Ndani ya saa moja zilikuwa zimeandikwa "Amina" zaidi ya thelathini. Wengine waliongeza mikono iliyokunjwa. Sisi watumishi tulikuwamo kwenye kundi hilo, na tuliandika Amina pia.

Jumapili tano mfululizo hakuonekana ibadani. Tulipokwenda kumtembelea hakutukaribisha ndani. Alitoa vigoda viwili, akaviweka kibarazani, akaketi kwenye ngazi. Tulizungumza habari za watoto, tukazungumza habari za mvua, mwisho akasema lililomjaa moyoni. "Wale wa kwenye simu siwajui, Baba Mchungaji," alisema. "Ninyi nawajua."

Tumekaa na maneno hayo kwa muda mrefu. Swali tunaloliuliza ni la imani, ingawa limekuja kwa njia ya simu: mtu anapotukabidhi habari zake, anatukabidhi nini hasa? Na je, neno "nakubali" linampa anayezipokea haki ya kufanya nazo chochote?

Tulianza kwa kutaka kuona alichokuwa amekikubali. Kijana mmoja wa kwaya anayesoma sheria chuoni alikaa nasi ofisini jioni nzima, akaifungua ile programu na kutafuta kile kinachoitwa sera ya faragha. Ilikuwa kwa Kiingereza chote. Kwenye kioo cha simu ndogo ilishuka, ikashuka, ikashuka. Ilichukua karibu saa mbili kuisoma na kuitafsiri, na bado kulikuwa na sentensi ambazo kijana mwenyewe alizisoma mara tatu akatikisa kichwa. Ndani yake tulikuta kwamba programu itasoma orodha ya majina na namba za simu, itasoma meseji, itajua simu iko wapi, na inaweza kuwagawia habari hizo "washirika" wake kwa ajili ya kupima uwezo wa mkopaji na kufuatilia malipo. Neno "washirika" lilitufanya tutazamane. Katika Kanisa ushirika ni meza ya Bwana, na washarika ni watu unaowajua kwa sura na sauti. Washirika wale hawakutajwa hata mmoja kwa jina.

Kwa hiyo, kwa upande mmoja, hakudanganywa. Yote yalikuwa yameandikwa. Hapo ndipo mzee mmoja katika baraza, mtu mkweli na mfanyabiashara mwenyewe, alipotuuliza swali ambalo lazima tulijibu: kama yameandikwa, na yeye amekubali, kosa la nani? Akaongeza kwamba mtu akikopa hana budi kulipa, na Mtume Paulo katika Warumi 13 hataki tuwiwe na mtu kitu chochote isipokuwa upendo.

Juu ya kulipa hatubishani naye. Mama mwenyewe habishi. Alilipa, tena yote, kwa fungu lake la mchezo lilipofika zamu yake. Tunabishana juu ya neno kukubali.

Wote tumesikia matangazo ya redio yanavyokwisha. Mtangazaji anasema polepole kuhusu zawadi na ofa, halafu mwishoni anakimbia kama anayefukuzwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Tumezoea, tunacheka. Lakini kukimbia kule kunasema jambo. Mwenye tangazo anajua kwamba sehemu ile haitakiwi isikilizwe, inatakiwa isemwe tu, ili siku ya kesi ionekane ilisemwa. Sera nyingi za faragha zimeandikwa kwa moyo huo huo. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani walipiga hesabu kwamba mtu wa kawaida wa intaneti akiamua kusoma sera ya kila tovuti anayoitembelea angetumia zaidi ya saa 200 kwa mwaka kwa kusoma sera tu. Hiyo ni Marekani, kwa watu wanaosoma lugha yao wenyewe, kabla simu za kisasa hazijaenea. Uingereza, mwaka 2017, kampuni moja inayotoa intaneti ya bure sehemu za hadhara iliingiza katika masharti yake, kwa makusudi ya kupima, kifungu kinachomtaka mtumiaji afanye saa 1,000 za kazi za jamii, pamoja na kusafisha vyoo. Watu 22,000 walikubali. Ni mmoja tu aliyegundua.

Basi tusimseme mama wa Mbagala kana kwamba ni ujinga wake. Waliosoma nao hawasomi.

Na yeye alikuwa na jambo jingine ambalo wale wa Uingereza hawakuwa nalo: alikuwa na shida. Esau naye alikubali. Alitoka porini amechoka, akakuta dengu jikoni, akaapa, akauza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha mara moja. Kitabu cha Mwanzo kinamlaumu Esau kwa kuidharau haki yake, na tumehubiri hivyo mara nyingi. Lakini tukiisoma tena sura ile ya 25 tunaona pia ndugu aliyekaa na chungu cha dengu akisubiri mwenye njaa apite. Kiapo kilikuwa halali. Hatujawahi kumsikia mzazi akimfundisha mwanawe afanye biashara kama ya Yakobo siku ile.

Ndiyo ya mwenye njaa ni ndiyo, lakini ni ndiyo ndogo. Inatosha kwa kile anachokiona mbele yake, fedha hizi na siku hizi saba. Haiwezi kunyoshwa ifunike kaka aliyeko Mtwara.

Hapa ndipo tunaona uzito wa jambo hili, na tunaomba msomaji atulie nasi. Simu ya mama ilikuwa na majina zaidi ya mia tatu. Ilikuwa na namba ya mwalimu wa mtoto, ya daktari, ya mwajiri wake wa zamani kule Masaki, ya mama mkwe, ya wachungaji wawili. Alipobonyeza "Nakubali" alitoa kitu ambacho kwa sehemu kubwa hakikuwa chake. Hakuna kati ya watu hao mia tatu aliyeulizwa. Mikopo tuliyoizoea haikuwa hivyo. Katika VICOBA, anayekudhamini amekaa kwenye kiti, amekutazama usoni, amesema ndiyo kwa kinywa chake mbele ya wenzake, naye anajua ukishindwa atachangia. Simu ilitugeuza sote kuwa wadhamini usiku mmoja, bila kiti na bila kinywa.

Wenye dukani wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mangi wa kona ana daftari la madeni. Mitaa ya Temeke yote ina daftari hilo, na ndani yake kuna siri za ndoa, maana mke anajua mume anachokopa kwa wiki na mume hajui cha mke. Daftari liko chini ya meza. Mangi akidai, anadai kwa sauti ya chini mtoto asisikie, au anaandika kwenye kikaratasi. Wapo wanaobandika majina ya wadaiwa ukutani, tumeyaona, na tumeona pia wateja wanavyohama, hata wasiodaiwa. Vivyo hivyo kijumbe wa mchezo. Hana sera yoyote iliyoandikwa. Anaaminiwa kwa sababu watu wanaijua nyumba yake, na siku akizila fedha za watu anajua atakutana nao kisimani. Uaminifu wao una anwani.

Sasa tusome Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Ni sura ambayo haisomwi sana katika ibada zetu. Kuanzia aya ya 10 Bwana anatoa agizo kwa mtu anayemkopesha jirani yake. Hamkatazi kukopesha, wala hamkatazi kuchukua rehani. Anamkataza kuingia ndani ya nyumba ya mkopaji kuitwaa. Mkopeshaji asimame nje, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aingie, achague, atoke nayo. Aya chache kabla ya hapo, ya 6, anakataza jiwe la kusagia lisiwekwe rehani, kwa sababu kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu.

Tulipoisoma katika kipindi cha Biblia cha Jumanne, mama mmoja mzee alisema, "Kumbe Mungu alijua chumba kimoja." Wengine walicheka, lakini alikuwa amefafanua vizuri kuliko vitabu vyetu vya chuo. Kwa anayeishi chumba kimoja cha kupanga, anayeingia kutafuta rehani anaona kila kitu. Anaona kitanda, anaona dawa zilizoko dirishani, anaona chungu kitupu, anaona nani mwingine amelala humo. Deni limempa haki ya kupata rehani. Halikumpa haki ya kuyaona hayo. Sheria ya Musa inamwachia maskini mlango wake hata pale ambapo hana kingine alichobakiza, na mwenye fedha anaamriwa asimame uani asubiri.

Simu ya leo ni chumba kile. Na kwa mama anayepokea oda za wateja kwa simu, ni jiwe la kusagia pia.

Kuna jibu tunalolisikia mara nyingi, hata kutoka kwa Wakristo: asiye na baya hana cha kuficha, na isitoshe Mungu anaona yote. Kwamba Mungu anaona yote ni kweli, Zaburi ya 139 inaliimba jambo hilo kwa furaha. Lakini tuangalie anavyofanya na alichokiona. Adamu na Hawa walipojificha bustanini, Mungu alikuwa anajua waliko na walichofanya. Aliwaita, aliwahukumu, na kabla hawajatoka aliwatengenezea mavazi ya ngozi akawavika mwenyewe. Aliyewaona uchi ndiye aliyewasitiri. Stara, basi, haikuanza kwa kuficha ubaya. Ilianza kama tendo la Mungu kwa watu waliokwisha kukosa, na wala hakungoja wawe wema kwanza. Kwa hiyo tunaposema habari za mdaiwa zisitiriwe, hatumtetei mdaiwa asilipe.

Dk. Martin Luther naye, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ambayo watoto wetu wa kipaimara wanaikariri, anapoeleza amri ya nane haishii kwenye uongo. Anatia humo kumsaliti jirani na kumharibia jina, na anatutaka tumtetee na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Tunalisema hili kwa sababu ule ujumbe wa Jumatano, ukiondoa lile la wadhamini na kutoroka, ulikuwa na ukweli: deni lilikuwapo. Na lile ombi la maombi lilikuwa kweli tupu. Mtu anaweza kuvunja amri ya nane bila kusema uongo hata mmoja.

Nchi yetu nayo imelitazama jambo hili. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 16, inalinda heshima ya mtu, familia yake na mawasiliano yake ya binafsi. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Mtu aliyetendewa kama mama yetu anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume hiyo, na tunawahimiza washarika wasione aibu kufanya hivyo. Sheria inataka taarifa kimsingi zichukuliwe kwa mhusika mwenyewe, naye aambiwe mapema ni kwa kusudi gani, na zisitumike kwa kusudi jingine. Ukiisoma kwa macho ya Kumbukumbu la Torati utaona ni mlango ule ule.

Majirani zetu wa Kenya wametangulia kidogo kutoa adhabu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine na kuwatumia watu hao vitisho. Siku hiyo hiyo ilitangaza faini nyingine, kubwa kuliko hiyo, shilingi 4,550,000, na iliyotozwa ilikuwa shule. Ilikuwa imetangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Ile ya shule ndiyo iliyotunyima usingizi. Maana sisi tuna Shule ya Jumapili, na tuna ukurasa wa usharika mtandaoni wenye picha za watoto wakiimba siku ya Mikaeli na Watoto, na hatujawahi kumwuliza mzazi hata mmoja.

Tukarudi basi kwenye kibaraza cha yule mama na neno lake, kwamba sisi anatujua. Tuliita kikao cha wazee, na ajenda ilikuwa moja: Kanisa hili linajua nini juu ya watu wake, na limekiweka wapi? Tuliorodhesha kwenye ubao. Vyeti vya ubatizo. Fomu za ndoa, zenye habari za ndoa zilizovunjika na za watoto wa nje. Daftari la ahadi na namba za bahasha. Barua za kuomba msaada wa matibabu, zenye majina ya magonjwa. Orodha ya waliotengwa na meza ya Bwana na sababu zake. Kwa mujibu wa sheria ya nchi, afya ya mtu na imani yake ni taarifa nyeti. Yetu sisi karibu yote ni nyeti. Na kila anayekusanya na kuchakata taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa na Tume. Baraza lilinyamaza kidogo hapo.

Ziko wapi? Nyingine kwenye kabati lenye kufuli. Orodha ya namba za simu za washarika wote ilikuwa kwenye kompyuta mpakato ya kijana aliyekwisha kuhamia Dodoma. Tulikuwa pia tumeikabidhi kwa watu wa kutuma meseji za jumla, ili watukumbushie mavuno, wala hatukuwauliza wataifanyia nini baadaye. Na kwenye ubao wa matangazo, nje, pale wanapopita hata wauza karanga, ilikuwapo orodha ya majina ya wasiokamilisha ahadi ya ujenzi, na mbele ya kila jina kiasi kilichobaki.

Orodha hiyo ilikuwa imekaa pale miezi minane. Kila Jumapili tuliipita tukiwa tumevaa kanzu na skafu, tukienda kuhubiri neema. Mchungaji anapobarikiwa anaahidi mbele ya madhabahu kwamba hatatoa siri ya maungamo hata kwa mateso, na ahadi hiyo tunaiheshimu kweli. Hatukuwa tumefikiri kwamba msharika anapoandika kiasi kwenye bahasha, au namba ya simu kwenye fomu, naye anaungama kitu fulani. Hata tofauti yetu na ile programu ilikuwa ngumu kuieleza. Wao walitaja deni la mtu kwa waliomo kwenye simu yake, sisi tulilitaja kwa wapita njia.

Tuliibandua siku ile ile, usiku, kwa tochi ya simu. Mzee aliyekuwa ameuliza "kosa la nani" ndiye aliyeshika ngazi.

Kisha tukaandika sera yetu. Neno lenyewe ni kubwa, lakini ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, sentensi 11, na tulitumia muda kuliko tulivyodhani kwa sababu kila sentensi ilitulazimisha kuamua jambo. Inasema tunaandika nini, kwa nini, nani anafungua kabati, ombi la maombi litatajwa kwa jina pale tu mwenyewe akiomba litajwe, na mtu akitaka namba yake ifutwe itafutwa bila kuulizwa sababu. Ilisomwa wakati wa matangazo katika ibada zote mbili, taratibu, na tulikubaliana kwamba atakayeisoma hatakimbia. Hatukumtaka mtu asaini. Tuliomba maswali.

Lilikuja moja tu, kutoka kwa baba mmoja aliyeketi nyuma karibu na mlango. Alitaka kujua fomu ya ndoa yake ya mwaka 1998 iko wapi. Hatukuwa na jibu. Tuliitafuta wiki nzima, tukaikuta kwenye boksi chini ya meza ya sakristia, pamoja na mishumaa ya zamani, na mchwa walikuwa wameanza kula pembe. Tulimwonyesha. Aliishika kwa muda, akaisoma yote, akaturudishia, akasema iwekwe vizuri.

Kaka wa Mtwara bado hupokea ujumbe mara kwa mara, kutoka namba tofauti, juu ya mikopo ya watu asiowajua kabisa. Programu ilikwisha kufutwa kwenye simu ya dada yake zamani, lakini orodha ilikuwa imeshatoka, na hakuna wa kumwomba airudishe. Mama mwenyewe amerudi ibadani, huja ibada ya pili na kukaa upande wa kinamama karibu na dirisha. Amebadilisha laini. Namba mpya alituletea ofisini kwa mkono, imeandikwa kwenye kipande cha karatasi, akasema ni kwa ajili ya msiba au ugonjwa tu, isiingie kwenye kundi la jumuiya. Tuliinakili kwenye daftari la kabatini mbele yake, akatazama tukifunga, ndipo akaomba karatasi yake, akaondoka nayo.